Jumanne ya Kawaida Katika Nyumba ya Mmisionari

Swali: "Shikamoo mama. Kanisa letu limetukubali mimi na mume wangu kwenda kuhudumu nje ya nchi kwa miaka minne. Tuna watoto watatu, wa miaka 13, 8 na 3. Semina tumehudhuria, na tumefundishwa mengi kuhusu wito na vita vya kiroho. Lakini hakuna aliyeniambia tutaishije. Siku inakwendaje? Watoto watasoma wapi? Mimi nitakuwa nafanya nini mume wangu akiwa kwenye huduma? Naogopa nikiuliza haya kanisani nitaonekana sina imani."

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililonigusa. Kuuliza watoto watasoma wapi si upungufu wa imani. Bwana mwenyewe alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Wewe umeketi kuhesabu. Waliokuandaa bila kukuambia mtaishije ndio waliobakiza kazi.

Mimi na mume wangu tuliishi nje miaka 16 tukiwa na watoto wanne. Tangu turudi, kazi yangu imekuwa kuziandaa familia zinazotumwa na kuzisikiliza zinaporudi. Katika hizo nilizoketi nazo, ni chache zilizorudishwa na mateso au ugonjwa wa kutisha. Nyingi zilizorudi kabla ya wakati zilichoshwa na mambo madogo ya kila siku ambayo hakuna aliyeyapangia. Kwa hiyo nitakueleza habari za Jumanne. Jumapili ina nyimbo na mavazi mazuri, na picha zake ndizo zinazotumwa kwa kanisa lililowatuma. Lakini familia huishi Jumanne.

Jumanne ya mwezi wenu wa pili ugenini iko hivi. Unaamka umechoka na hujafanya kazi yoyote. Unataka kulipa bili ya umeme. Kwenu ni jambo la dakika mbili. Huku hujui uende ofisi gani, fomu huielewi, na mtu wa dirishani anasema haraka kuliko masikio yako. Unarudi mchana hujalipa. Mtoto mdogo ana homa, nawe umesimama mbele ya dawa hujui ipi ni ya watoto. Jirani anabisha hodi kukusalimia, na hujui kama umkaribishe ndani au mzungumze mlangoni, umtazame usoni au uinamishe macho. Jioni mume wako anarudi, anauliza umeshindaje, na machozi yanakutoka kabla ya jibu.

Hali hiyo ina maelezo yake. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliizungumzia katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954, ikachapishwa 1960. Alisema mgeni hupoteza zile alama ndogondogo zinazomwongoza mtu bila yeye kujua: lini kupeana mkono, namna ya kununua kitu, mwaliko upi ukubaliwe na upi ukataliwe, lini maneno ya mtu yachukuliwe kwa uzito. Alitaja hatua nne: fungate, mgogoro, nafuu na kuzoea. Hazifuatani kwa mstari ulionyooka kwa kila mtu, wala watu wa nyumba moja hawapiti kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penye ugumu kwa familia. Mume anaweza kuwa bado kwenye fungate huku mke yuko kwenye mgogoro, naye mtoto mkubwa akawa ameshazoea huku wa kati ameanza tena kukojoa kitandani. Kila mmoja anamwona mwenzake ana tatizo.

Sisi tulijiwekea utaratibu kwa mwaka wa kwanza: jambo moja la nje kwa siku. Ukienda benki, umemaliza. Posta ni kesho. Watu waliotutembelea walituona wazembe. Lakini tulibaki na nguvu za kula pamoja jioni tukizungumza bila kugombana. Nakuombeni pia msifanye uamuzi wowote mkubwa, wa kurudi au wa kubadilisha kituo, katika miezi ile ambayo kila kitu kinakukera. Na kama baada ya muda huo usingizi haurudi, chakula hakishuki, na asubuhi zote ni giza, nenda kwa daktari. Sonona ni ugonjwa. Maombi na dawa havigombani.

Sasa lugha. Taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mtu anayejua Kiingereza anahitaji saa 600 hadi 750 za darasani kwa Kifaransa au Kihispania, kama 900 kwa Kiswahili chetu, na kama 2,200 kwa Kiarabu, Kichina au Kijapani. Wewe huanzii walipo wao, lakini ukubwa wa kazi unauona. Ukisoma saa 20 kwa wiki, hizo 2,200 ni zaidi ya miaka miwili. Kinachotokea katika nyumba nyingi ni kwamba mume anapewa mwalimu kwa sababu "ndiye mwenye huduma", watoto wanaiokota lugha shuleni, na mama anabaki na mtoto mdogo na maneno ya sokoni. Baada ya mwaka, mama ndiye mgeni peke yake ndani ya nyumba yake. Watoto wanacheka mzaha asiouelewa.

Kisha mtoto anafanywa mkalimani. Mwanangu wa pili, akiwa na miaka 10, alinitafsiria maneno ya daktari kuhusu mimba niliyokuwa nimeipoteza. Alifanya vizuri, na alinyamaza siku tatu. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba siku ile aliogopa kwamba akikosea neno moja nitakufa. Hilo sijalisahau. Mtoto amsaidie mama kuuliza bei au njia. Hospitalini, polisi na kwenye habari za msiba, tafuteni mtu mzima.

Kwa hiyo kabla hamjasaini chochote, ulizeni: mwaka wa kwanza, je, sisi wote wawili tutapewa muda na fedha za kujifunza lugha? Nani atamshika mtoto wa miaka mitatu nikiwa darasani? Kama jibu ni kwamba mama atajifunza polepole nyumbani, bado hawajawapangia.

Wewe na mimi tunaosoma Kiswahili tunalijua jina la mmisionari Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1850, na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Jina la Rosine wengi hawalijui. Rosine alikuwa mkewe. Alifariki Julai 1844, muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akafa pia. Ninapofundisha huanza na Rosine, kwa sababu historia ya umisionari imeandikwa kwa vitabu vya waume, na wake zao wamebaki kwenye mistari miwili.

Yupo na Dorothy. Mmisionari Mwingereza William Carey alipotaka kwenda India mwaka 1793, mkewe Dorothy alikataa. Alikuwa mjamzito. Alikubali mwishoni, baada ya kujifungua, kwa sharti kwamba dada yake aende naye. Mwaka uliofuata mtoto wao Peter, wa miaka 5, alikufa kwa kuhara damu. Dorothy akaugua akili na hakupona mpaka alipofariki mwaka 1807. Carey aliendelea na tafsiri za Maandiko huku mkewe akiteseka chini ya paa lilelile. Sikuelezi haya kukutisha, wala simhukumu Carey kwa ujuzi wa leo. Nakueleza kwa sababu bado nakutana na akina Dorothy: wanawake ambao "ndiyo" yao ilichukuliwa kwa kuwachosha. Kama ndani yako kuna "hapana" ambayo hujaitamka, itamke sasa, mbele ya mume wako na mbele ya mchungaji, mkiwa bado kwenu.

Uliuliza utakuwa unafanya nini. Jibu linaanza kwenye karatasi. Nchi nyingi humpa mwenzi kibali cha kuishi kinachomfuata mwenye kibali kikuu, na mara nyingi hakimruhusu kufanya kazi ya mshahara. Pengine hata kazi ya kujitolea ina masharti. Ulizia kibali chako kinasema nini. Ulizia kama wewe mwenyewe umeandikwa mmisionari katika barua ya kutumwa au umeandikwa "mke wa". Ulizia kama jina lako limo kwenye akaunti inayopokea fedha za matunzo, kwa sababu mume akiugua au akifa ugenini, mwanamke asiye na akaunti wala kibali chake anabaki na watoto uwanja wa ndege. Nimemwona mmoja hivyo.

Baada ya karatasi, tafuta kazi moja ambayo ni yako, hata ikiwa ndogo, ambayo haitegemei ratiba ya mume wako. Mimi nilikuwa nawafundisha kushona wanawake wanne Jumatano mchana. Huduma ya mume wangu ilikuwa na mikutano mikubwa, yangu ilikuwa na cherehani mbili. Lakini kwa wale wanne nilikuwa mtu mwenye jina, na lugha niliyojifunza mikononi mwao ndiyo ninayoikumbuka mpaka leo. Wakati mtoto bado ni mdogo, kulea ni kazi kamili. Usikubali kuandikwa kwenye ripoti kama msaidizi wa kila kitu.

Nije kwa watoto, ambako najua moyo wako ndiko uliko. Mwanasosholojia Ruth Hill Useem aliishi India katika miaka ya 1950 akichunguza familia za Wamarekani waliofanya kazi huko. Aliona kwamba watoto wale hawakuwa wa utamaduni wa wazazi wao sawasawa, wala wa utamaduni wa wenyeji. Walijijengea mahali pa tatu. Tangu hapo wameitwa watoto wa utamaduni wa tatu. Wako watakuwa hao. Watapata macho ya kuona dunia kwa pande mbili, na watakosa jibu jepesi la swali "kwenu wapi?" Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mzazi anayetaja la kwanza tu, mtoto huacha kumwambia la pili.

Zamani jibu la shule lilikuwa bweni. Shirika la China Inland Mission, lililoanzishwa na Hudson Taylor mwaka 1865, lilifungua shule ya Chefoo huko China mwaka 1881 kwa ajili ya watoto wa wamisionari, na walipelekwa wakiwa wadogo sana. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Wajapani waliwazuia wanafunzi na walimu wao. Mwaka 1943 wakahamishiwa kambi ya Weihsien, wakakaa huko mpaka kambi ilipokombolewa Agosti 1945. Wapo watoto waliokaa miaka bila kuwaona wazazi wao. Hayo yalikuwa ya vita, lakini hata pasipo vita watu wazima wengi waliokulia mabweni ya namna ile wamesema wazi kwamba waliwakosa wazazi. Mimi siwashauri wazazi kumpeleka bweni mtoto wa shule ya msingi. Ikiwa hakuna njia nyingine kabisa, basi kituo kibadilishwe, asibadilishwe mtoto.

Huyu wa miaka 3 ndiye mwepesi kuliko wote. Mpeleke chekechea ya wenyeji asubuhi, na atakuwa anawasahihisha matamshi kabla ya mwaka kwisha. Kwake hatari ni kupoteza lugha ya nyumbani, kwa hiyo mzungumze lugha yenu mkiwa ndani, kila siku, hata akiwajibu kwa nyingine. Msimcheke akikosea. Mtoto asiyeweza kuzungumza na bibi yake amepoteza bibi akiwa hai.

Wa miaka 8 anaweza kwenda shule ya kawaida ya huko, lakini tegemeeni miezi kadhaa ya kukaa kimya darasani. Walimu watasema ni mzito. Si mzito, anasikiliza. Ombeni arudishwe darasa moja nyuma ikibidi, na jioni asome na kuandika kwa lugha yenu nusu saa tu. Zaidi ya hapo atachukia lugha zote mbili.

Anayenipa mawazo ni wa miaka 13. Ataondoka akiwa mtoto na kurudi ana 17, na katikati ndiyo miaka ya mitihani. Kabla ya kuondoka, nendeni kwenye mamlaka ya elimu ya nchi yenu mkaulize cheti cha mtaala ule mnaoufikiria kitatambuliwaje atakaporudi, na mpewe jibu kwa maandishi. Shule za kimataifa zina mitaala inayotambulika nchi nyingi, lakini ada yake yaweza kuzidi matunzo yenu yote, kwa hiyo ada iingie kwenye bajeti ya kanisa tangu mwanzo, isiwe ombi la dharura mwaka wa pili. Masomo ya nyumbani kwa njia ya intaneti yanawezekana pia, ila kijana wa umri huo anayesomea chumbani mwake katika nchi asiyojua mtu anahitaji mahali pengine pa kukutana na vijana wenzake, kama timu ya mpira au kwaya. Zaidi ya yote, muulizeni yeye. Msimwombe ruhusa ya kwenda, maana huo ni mzigo wa wazazi, lakini mwacheni achague jambo la kweli: shule ipi kati ya mbili, chumba kipi, nini kibebwe. Na akisema "Mungu amewaita ninyi, mimi hakuniita", msimkemee. Anasema kweli kadiri anavyoijua.

Jambo moja lisisahaulike hata kama watu huona haya kulisema. Kila shirika linalotuma familia liwe na sera ya ulinzi wa watoto kwa maandishi, na mtu wa kupokea malalamiko ambaye si kiongozi wa kituo. Watoto wa wamisionari huzungukwa na watu wazima wanaoitwa mjomba na shangazi bila udugu wowote. Wafundisheni watoto kwamba hakuna siri ya mtu mzima inayolindwa kwa sababu ya huduma. Shirika likikasirika mkiuliza sera hiyo, msiende nalo.

Fedha nitazipitia haraka. Matunzo huchelewa, na thamani ya sarafu hupanda na kushuka bila kuwauliza. Msiondoke bila akiba ya miezi mitatu, bima ya afya inayohusu nchi mnayokwenda, na fedha ya tiketi ya kurudi iliyotengwa mahali msipoweza kuigusa. Ripoti kwa waliowatuma ziandikeni kwa ukweli, pamoja na miezi ambayo hakuna kilichotokea. Na watoto waulizwe kabla picha zao hazijatumwa. Mtoto wa miaka 13 hatakiwi kukuta picha yake akilia uwanja wa ndege imebandikwa kwenye ubao wa kanisa.

Sasa niseme lililoniuma mimi. Mama yangu alifariki mwaka wa saba wa kuishi kwetu nje. Simu ililia usiku. Tiketi haikupatikana kwa haraka, fedha hazikutosha watu wawili, na tulibishana jikoni saa tisa usiku nani aende, watoto wakisikiliza nyuma ya mlango. Nilifika siku moja baada ya maziko. Ndugu zangu walinipokea vizuri, lakini kuna kuwa peke yako kwa namna yake unaposimama kwenye udongo ambao wenzako wameshaulilia wakamaliza. Sikuliongelea hilo na mtu yeyote wa misheni kwa miaka, nikidhani ndiyo sadaka yenyewe.

Leo huwa nawaketisha wanandoa na karatasi. Andikeni: mzazi wa nani ana afya gani, akiugua nani atasafiri, akifa nani atasafiri, fedha inatoka wapi, na nani kati ya ndugu atapiga simu ya kwanza. Kisha nendeni kwa wazazi wenyewe mkawaambie. Wazee hupenda kuulizwa. Baba mkwe wangu alituambia: msipowahi, ngojeni arobaini tukae pamoja. Maneno hayo yalitupumzisha sana wakati wake ulipofika. Rekodini pia sauti zao wakisimulia, kwa ajili ya yule wa miaka 3 ambaye hatawakumbuka.

Pumziko nalo lipangwe. Jumapili ni siku ya kazi kwenu, kwa hiyo chagueni siku nyingine, mlango ufungwe, na wenyeji waambiwe mapema kwa upole. Tulichagua Jumatatu. Mwaka wa kwanza watu walibisha tu, wa tatu walikuwa wakiambiana, "leo ni siku yao." Na ibada ya nyumbani iwepo kwa lugha ya moyo wenu, hata wimbo mmoja na sala fupi. Kusikiliza mahubiri usiyoyaelewa wiki hata wiki hukausha roho taratibu, na mtu hajui kwa nini amekauka.

Mnaondoka lini hukuniambia, ila la kufanya wiki hii ninalo. David Pollock, Mmarekani aliyewatumikia watoto wa namna hii kwa miaka mingi, alifundisha mambo manne ya kufanya kabla ya kuhama: kupatana na uliyekosana naye, kumshukuru aliyekutendea mema, kuaga ipasavyo, na kufikiria kwa uwazi unakokwenda. Yafanye na huyu binti au kijana wako wa miaka 13, mmoja mmoja, bila haraka. Kuna rafiki waliyekosana? Mpeleke. Kuna mwalimu wa kushukuriwa? Aandike barua kwa mkono wake. Aage watu, na aage pia mahali: mti, njia ya shule, kiti chake kanisani. Wa miaka 8 mpe daftari la kubandika picha na majina. Na lile blanketi la yule mdogo, kama analo, usilifue kabla ya safari. Libebe na harufu yake, kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloweza kupotea.